Fangasi isiyosikia dawa

SWALI: Daktari, kila mwezi mmoja au miwili napata mkato mwembamba kando ya uke, kama niliokatwa na karatasi. Unawasha, na mkojo ukigusa hapo unachoma. Kemisti wa mtaani hunipa krimu ya fangasi, na baada ya siku tano hivi unapona. Mbona unarudi? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Dada, huenda krimu hiyo haijaponya kitu. Mikato ya namna hiyo hujifunga yenyewe ndani ya siku hizohizo. Fangasi kwa kawaida huwasha na kuleta wekundu ulioenea, mara nyingi na uchafu mzito kama maziwa mgando. Mkato unaorudi palepale, hasa ukitanguliwa na mwasho au mchomo, tunaushuku kuwa herpesi, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa ngono. Virusi hivyo hujificha kwenye mizizi ya neva chini ya uti wa mgongo, na vikiamka hushuka kwa neva ileile. Ndiyo maana wengine hutokwa na vipele takoni, mahali ambapo hapakuguswa na mtu. Wengine huchomwa na mkojo tu, wakatibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara tatu nne ilhali vipimo vya mkojo ni safi. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, kidonda huweza kuvimba kikafanana na saratani. Hapo hukatwa kinyama kikapimwe.

Mkato ukirudi tena, usipake chochote. Nenda kliniki siku ya kwanza au ya pili, kijiti cha pamba kisuguliwe ndani ya mkato wenyewe, kisha kipimwe kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe. (Si kila maabara hufanya, uliza kwanza.) Mkato ukishafunga, jibu la "hakuna" halina maana kubwa. Kipimo cha damu huonyesha tu kwamba uliwahi kuambukizwa, hakisemi mkato huu umetokana na nini. Pima kaswende na VVU siku hiyohiyo. PCR ikikosa virusi mara mbili, ngozi yenyewe ichunguzwe, hasa ikiwa imepauka na kuwa nyembamba.

Herpesi ikithibitika, asikloviri (dawa ya kudhibiti virusi hivi) ya vidonge miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku tano, ianzwe mwasho unapoanza. Ya kupaka haisaidii sana. Kwa kuwa wewe unaugua mara sita au zaidi kwa mwaka, daktari anaweza kukupa 400 asubuhi na jioni kila siku. Mwambie kama una tatizo la figo au ni mjamzito.

Na mumeo usimshtaki bado: virusi hivi hukaa kimya miaka.