Kabla ya Kupasuliwa Shingo, Uliza Kuhusu Vijitezi Vinne

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilikuwa kwenye matatu nikitoka Kisumu kurudi Kakamega. Tulipokaribia Mbale midomo ilikufa ganzi, kisha vidole vikajikunja vyenyewe kama vya mtu anayefinya chumvi. Abiria walidhani ni kifafa. Dada yangu alimsihi dereva asimame, tukarudi hospitalini nikatiwa kalsiamu kwenye mshipa.

Nilikuwa na saratani ya thairoidi (tezi iliyo mbele ya shingo) iliyokwisha kufika kwenye tezi za limfu za shingo (vinundu vya kinga ya mwili), kwa hiyo vyote vilitolewa pamoja. Sikuwa nimeambiwa, wala sikuuliza, kwamba nyuma ya thairoidi kuna vijitezi vya parathairoidi, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Ndivyo vinavyodhibiti kalsiamu mwilini. Ukiingia na kisu, si rahisi kuvitofautisha na tezi za limfu au hata mafuta. Kikitolewa kimakosa, au kishipa kinachokilisha kikikatwa, kalsiamu hushuka, ndiyo hayo yaliyonipata.

Baadaye daktari wa kliniki alinieleza jinsi upasuaji wa roboti unavyosaidiwa na rangi iitwayo indosianini ya kijani. Wanaidunga ndani ya thairoidi yenyewe, nayo inafuata njia za limfu. Kamera ya infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni, inaonyesha tezi za limfu ziking'aa kwenye skrini. Vijitezi vya parathairoidi havipo kwenye njia hiyo, hivyo hubaki giza, na daktari anajua aviache. Wakiidunga kwenye mshipa wa damu mambo yanageuka: kijitezi kinachong'aa ndicho kinachopata damu. Nilimsikiliza nikalia. Lakini tusidanganyane, kung'aa hakuonyeshi saratani. Hiyo huthibitishwa maabara.

Hata kama unapopasuliwa hakuna roboti, muulize daktari wako: "Vijitezi vya parathairoidi utavitambuaje? Kalsiamu yangu itapimwa lini?" Ukiambiwa rangi hiyo itatumika, taja kama una mzio wa iodini. Na usikubali kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla hujajua kalsiamu yako ni ngapi, maana mara nyingi hushuka katika siku mbili tatu za kwanza. Ganzi ya midomo au vidole si uchovu, rudi hospitalini mara moja.

Ukipewa thairoksini (homoni ya kufidia thairoidi iliyotolewa) na kalsiamu, usizimeze pamoja. Mimi humeza thairoksini alfajiri kwa maji matupu, chai ya maziwa inangoja angalau nusu saa, na kalsiamu inafuata baada ya muda wa saa nne.