Dreni ya tanki inatona, nizibe na silikoni?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ndege ndogo, Cessna 172, kila nikichukua sampuli ya mafuta asubuhi dreni moja (kivalvu cha chini ya tanki cha kutolea mafuta kidogo) ya bawa la kushoto inabaki inatona, tone moja moja, na chini ya bawa pameshakuwa na doa la bluu. Jamaa mmoja ananiambia nipake silikoni tu niachane nayo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Silikoni usipake kabisa tafadhali, maana ukiziba hapo umejinyima njia ya kuyaona maji yaliyoingia kwenye mafuta, na maji ni mazito kuliko petroli kwahiyo yanakaa palepale chini kwenye dreni yakisubiri kwenda kwenye injini. Na hilo doa ni rangi ya avgas 100LL (petroli ya ndege), petroli inakauka rangi inabaki, ndo maana mimi nikikagua ndege doa kama hilo ndo la kwanza kulitafuta.

Anza na kirahisi. Mara nyingi ni kauchafu kamekwama kwenye kiti cha valvu, yaani pale inapokalia ikijifunga, weka kikombe, bonyeza mara mbili tatu mafuta yatoke kwa nguvu yakasukume huo uchafu, alafu achia na uangalie. Kama dreni yako ni ile ya kusukuma na kuzungusha hakikisha imerudi yote, saa ingine inanasa ikiwa nusu wazi. Bado inatona? Basi ni oringi, ile pete ya mpira inayoziba valvu. Niliwahi kuitoa moja ikakatika mkononi, imekauka ngumu kama ukucha na upande mmoja imebonyea. Nunua kwa namba iliyo kwenye kitabu cha vipuri vya ndege yako, zile za bomba la maji nyingi zinavimba kwenye petroli.

Valvu zingine zinabadilishwa oringi mafuta yakiwa ndani ila nyingi lazima tanki liwe tupu, na hiyo kazi ifanyike nje, ndege na chombo cha mafuta vimeunganishwa waya wa athi kuzuia cheche, umeme umezimwa. Usizungushie nyuzi za valvu (pale inapokazwa kwa kuzungusha) tepu nyeupe ya mafundi bomba, vipande vyake vinakatika vinaingia kwenye mafuta. Fundi mwenye leseni aisimamie na iandikwe kwenye logibuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege. Ukimaliza panguse pakauke, funga karatasi nyeupe hapo, asubuhi uitazame.

Na sampuli usiache kwa sababu dreni inakusumbua, Cessna 172 ya toleo la 172S ina dreni 13, tano kila bawa na tatu chini ya tumbo, zote zipitie. Siku moja nilipata kikombe safi kabisa, hakuna hata kitone chini, nikataka kumwaga niendelee, nikakishika mbele ya karatasi nyeupe, hakuna bluu, nikanusa, hakuna petroli. Kikombe kizima kilikuwa maji.