Mwaka ule wa katikati

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe.

Juzi kwenye simu uliniuliza: kama uhuru wa Tanganyika ulikuja 9 Desemba 1961 na Jamhuri 9 Desemba 1962, mwaka ule wa katikati alitutawala nani? Ilikuwa serikali ya muda ya Mwingereza?

Hapana, baba. Ilikuwa yetu. Ila kwa katiba ya uhuru Malkia alibaki mkuu wa nchi, na Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana, akawa Gavana Mkuu. Sahihi yake, uamuzi wa mawaziri wetu.

Mwalimu Nyerere ndiye alikuwa Waziri Mkuu. Januari 22, 1962 akajiuzulu, akamwachia kiti Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama chake cha TANU kwa wananchi. Watu huipita habari hii mbio mbio. Mimi inanigusa mpaka leo. Umehangaikia cheo miaka na miaka, ukipate, halafu ukiache hata miezi miwili haijatimia!

Msimu wa pamba wa 1962 tulikuwa bado Magu, mimi mtoto wa miaka minane. Babu yako alirudi kutoka kuuza pamba, akaniwekea kiganjani senti kumi, ile yenye tundu katikati. Upande mmoja meno ya tembo, upande wa pili taji na jina la Malkia Elizabeth. Nikamwuliza, tumepata uhuru, mbona taji bado lipo? Akaigeuzageuza ile senti. Akasema, "Wewe angalia nani kashika mfuko."

Alikuwa anamsema Paul Bomani. Babu yako alipunjwa sana kwenye mizani za wafanyabiashara kabla ya ushirika, na Bomani ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba huku kwetu katika Victoria Federation, muungano wa vyama vyao vya ushirika. Mwaka ule akashika Wizara ya Fedha, akipokea kwa Sir Ernest Vasey. Kwa mzee, uhuru ulikuwa hapo hasa, kuliko kwenye bendera.

Novemba tukapiga kura ya rais, Mwalimu na Zuberi Mtemvu, Mwalimu akashinda. Jamhuri ikaja, Turnbull akaondoka. Taji lenyewe liliendelea kukaa mifukoni mwetu mpaka tulipotoa shilingi yetu 1966.

Senti ile ninayo, imo kwenye kopo la vifungo la mama yako. Ukija Krismasi nitakupa.

Baba yako