Kupata makundi yasiyojulikana kwenye mfumo wa tranki

Tranki ni mfumo wa redio za mawasiliano ambapo makundi mengi ya watumiaji yanagawana masafa (frikwensi) machache. Ukitaka kundi usilolijua, usitafute kwa masafa, mkuu, hapo utazunguka tu, kwenye tranki chaneli ya kontroli (inayoziongoza redio zote) ndo inagawa masafa kila mtu akibonyeza kuongea, kwa hiyo kundi moja linaweza kuruka masafa kila baada ya sentensi. Unachotafuta ni namba ya kundi. Weka skana (redio ya kusikilizia) kwenye hali ya kutafuta ID, yaani hizo namba (kwenye Uniden inaitwa ID Search, nyingine wanaita waildkadi), halafu yale unayoyajua tayari yafungie yote kwa muda ili skana iyaruke, kitakachobaki kinasikika ndo kigeni.

Ila sauti peke yake haitoshi, angalia na namba ya redio inayoongea. Ukiona redio ileile uliyoizoea kwenye kundi la zimamoto imetokea kwenye namba mpya, basi umeshapata pa kuanzia. Kama una kidongo cha SDR (kifaa kidogo cha kupokelea redio kwa kompyuta), programu ya SDRTrunk inakuandikia hayo yote kwenye logi (faili la kumbukumbu) hata ukiwa umelala, mi naona ni bora kuliko kukaa umetegesha sikio.

Halafu mnara unaoupokea unabeba kundi pale tu kuna redio ya kundi hilo imejisajili hapo, au limewekwa libebwe muda wote, so ukimya haumaanishi halipo. Na makundi yakiwa na usimbaji (sauti imefichwa kwa msimbo) utaona namba tu, sauti sahau.