Kama umechoka, soma riwaya ya mapenzi yenye mwanamume mwema

Mwaka 2019 mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, na kwa miezi saba nililala chumbani kwake kwenye godoro la chini. Muuguzi alituelekeza tumgeuze kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Mchana aliushika dada yangu, usiku ukawa wangu: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Ukishamgeuza mtu, ukamwekea mto katikati ya magoti na kumnywesha maji kwa kijiko, usingizi umeshakwenda zake. Nikajaribu kusoma vitabu nilivyovizoea, vya vita, vya siasa, vya familia zilizosambaratika. Nikashindwa. Kila ukurasa uliniongezea mzigo juu ya ule niliokuwa nao.

Kitabu kilichonishika kilikuja kwa bahati. Nilinunua kamusi kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza chini kando ya barabara, naye akaniongezea kitabu chembamba kisicho na jalada. Kilikuwa *Cotillion*, riwaya ya mwandishi Mwingereza Georgette Heyer ya mwaka 1953, lakini mambo yake yanatokea Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita. Humo kuna Kitty, yatima aliyelelewa na mzee tajiri na bahili. Mzee anatangaza kwamba atamwachia Kitty mali yake yote, kwa sharti aolewe na mmoja wa vijana wa ukoo wake. Kitty moyo wake uko kwa Jack, kijana mzuri wa sura, mwenye maneno matamu, na mkware. Ili amtie wivu, anamwomba binamu mwingine, Freddy, wajifanye wachumba apate kwenda London mwezi mmoja.

Freddy hana sura ya kugeuza watu shingo, na ndugu zake hawamhesabu kuwa na akili. Anachokijua ni nguo, rangi, na namna ya kukaa na watu. Lakini soma uone nani anakuja akiitwa, na ni nani akiwepo chumbani mtu anaondokewa na aibu. Kuna mahali Kitty mwenyewe anafika kusema kwamba mwanamke hana haja na mwanamume wa kuua majoka. Anamhitaji wa kumnasua kwenye matatizo ya watu na watu. Nilicheka kwa sauti, saa nane usiku.

"Unacheka nini?" mama akauliza. Ulimi wake ulikuwa mzito bado, neno moja lilimchukua muda.

Nikamsimulia kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kuanzia usiku ule, kila nilipomgeuza alitaka kujua Freddy amefikia wapi.

Tangu hapo nimesoma vitabu vya aina hii vingi, na nawashauri watu wavisome, hasa mtu anayeuguza, aliyefiwa, au anayefanya kazi za zamu. Wengi hunitazama kwa mshangao. Mpwa wangu, mtoto wa dada, aliniuliza wazi: "Mama mdogo, hawa mabwana wa Uingereza wa miaka mia mbili iliyopita wanatuhusu nini sisi?" Swali zuri, na nilimjibu kwa kirefu, nikianzia kwenye historia.

Februari 1811 Mfalme George wa Tatu alikuwa ameugua akili kiasi cha kushindwa kutawala. Mwanawe akakaimu kiti mpaka baba alipofariki Januari 1820, na Waingereza wanakiita kipindi hicho Regency, yaani ukaimu. Riwaya zote sita za Jane Austen, mwandishi Mwingereza wa zama hizo, zilitoka kati ya 1811 na 1817, mbili za mwisho baada ya yeye mwenyewe kufariki. Heyer alizirudia zama hizohizo zaidi ya karne moja baadaye, na waandishi wengi wamemfuata. Ukifungua kitabu cha namna hii utakuta dansi, magari ya farasi, barua zilizochelewa, mashangazi wenye maneno, na mwishoni harusi. Mwisho unaujua kabla hujaanza. Kwa mtu aliyechoka hiyo ni rehema kubwa, maana maishani mwake hakuna anayeweza kumwahidi mwisho wowote.

Wanaoviita vitabu vya kipuuzi wanasahau sheria ya wakati ule. Mwanamke wa Kiingereza akishaolewa, fedha zake na vitu vyake vilikuwa vya mume, isipokuwa wazazi wawe wamewahi kuandikisha mkataba wa kumkinga. Watoto walikuwa wa baba. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili ya ndoa ile moja tu, jambo la matajiri wachache. Sheria za kumpa mke haki juu ya mali yake zilikuja baadaye sana, mwaka 1870 na 1882. Kwa hiyo msichana anayesema "ndiyo" kwenye ukumbi wa dansi anamkabidhi yule bwana kila kitu. Akiwa mwema, ana paa. Akiwa katili, hana pa kukimbilia. Ndiyo maana kurasa mia tatu zinatumika kuchungulia tabia ya mwanamume mmoja: anavyomsemesha mtumishi, anavyomvumilia bibi kizee anayerudia hadithi, anavyokuwa mambo yakimwendea kombo. Hadithi inachekesha, lakini kinachotafutwa ndani yake ni kitu kizito.

Na hapa nitasema la kwangu. Nikiwa na miaka 26 nilichumbiwa na mtu aliyejua kutoa zawadi na kuongea na wazee. Nyumbani tulikuwa na msichana wa kazi, mdogo, mwenye adabu. Kila akipita alisema, "Shikamoo kaka." Yule bwana hakuwahi kuitikia hata siku moja, kwa miaka miwili. Hakumtukana, hakumfokea, alinyamaza tu, kama amesalimiwa na kiti. Niliona, sikuhesabu. Tulipooana kimya kile kikanifikia mimi. Ningekuwa nimesoma vitabu hivi kabla, nadhani ile "marahaba" isiyosemwa ingenipigia kengele, kwa sababu vinakuzoesha kuangalia mahali hasa ambapo watu wengi hawaangalii.

Ukitaka kuona ufundi huo kwa fundi mwenyewe, soma *Emma* ya Austen, iliyotoka Desemba 1815. Emma ni msichana tajiri, mwerevu, anayejiamini kupita kiasi. Bwana Knightley ni jirani yake, mwenye shamba kubwa, mtu wa kutembea kwa miguu ingawa gari analo. Usiku mmoja anafika kwenye karamu kwa gari lake, Emma anafurahi, anamsifu kwamba leo amekuja kama muungwana anavyotakiwa kuja. Baadaye ndipo tunapata habari kwamba gari lile lilitolewa kwa sababu ya Bibi Bates na mpwa wake Jane, wanawake wawili wasio na kitu, ambao wangelazimika kutembea kwenye baridi ya usiku. Emma alisifu gari. Uungwana ulikuwa umekwisha kushuka mlangoni, umevaa shali kuukuu.

Neno hili muungwana linanigusa kuliko lolote katika vitabu hivi, kwa sababu sisi tunalo na tunajua lilikotoka. Zamani pwani yetu muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mtu wa ukoo. Ni watu, kwa kusema na kusema tena, waliolivuta neno hilo kutoka kwenye damu hadi kwenye mwenendo, mpaka leo tunasema muungwana ni vitendo. Kwa Waingereza mambo yalikuwa hivyohivyo: bwana wa heshima, wao humwita gentleman, alikuwa kwanza mtu wa kuzaliwa na ardhi, na Austen yumo miongoni mwa waliolisukuma neno lile kuelekea kwenye matendo. Nikisoma *Emma* nasikia jambo ninalolijua likisemwa na watu wa mbali.

Usidhani wema wa Knightley ni ulegevu. Kwenye matembezi ya Box Hill Emma anamtania Bibi Bates mbele za watu, mzaha wa kumuumiza mwanamke maskini asiyeweza kujibu. Knightley hamkemei pale. Anangoja wanaposubiri gari, hakuna anayesikia, ndipo anamwambia ukweli wote, hata ukimgharimu upendo wake. Na Emma analia njia nzima ya kurudi. Mwanamume anayekubali kila kitu huyo sio ninayemtafuta kwenye hadithi.

Kisha kuna ndoa yao. Baba yake Emma ni mzee mwenye wasiwasi, hawezi kuachwa peke yake. Knightley, mwenye jumba lake, anahamia kwa mkwewe ili Emma asilazimike kumwacha baba. Kwetu bara mwanamume akihamia ukweni mtaa mzima unamsema. Waungwana wa Lamu ya zamani wasingeshangaa: baba alimwandalia binti nyumba, na mume ndiye aliyeingia. Nilipofika sehemu hiyo nilikuwa na mama yangu asiyeweza kujigeuza, nami niliisoma mara mbili.

Sasa jinsi ya kuchagua, maana si vyote vilivyo vyema. Kuna vitabu vya zama hizi ambamo mwanamume anamvuta msichana kwa nguvu, anambusu asiyetaka, kisha mwandishi anaita hayo mapenzi makali. Vifunge. Huna deni la kumaliza kitabu. Mimi husoma sura tatu za mwanzo nikitafuta tukio moja tu: mwanamume anamtendea vipi mtu asiye na cha kumlipa? Nikikosa, narudisha. Heyer naye asomwe kwa macho mawili: *The Grand Sophy* ya 1950 ni ya kuchekesha sana, lakini ina mkopeshaji Myahudi aliyechorwa kwa chuki, na uchungu wake haujifichi.

Lipo pia jambo ambalo msomaji Mwafrika hawezi kulipita. Baadhi ya majumba yale yalijengwa kwa sukari ya Karibi, na sukari ile ilitoka mikononi mwa watumwa. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe kwenye mashamba uliendelea, na sheria ya kuukomesha ilipita 1833. Ndani ya *Emma*, Jane, ambaye umaskini unamsukuma kwenda kuwa mwalimu wa watoto wa matajiri, anaifananisha kazi hiyo na biashara ya watumwa, na mwanamke anayezungumza naye, aliyetoka Bristol, anaruka kama ameguswa kidonda. Bristol ilikuwa bandari ya biashara hiyo. Mimi nasoma nikijua fedha zilikotoka, na bado napenda ninachokipenda. Moyo wa mtu una vyumba vya kutosha.

Kama Kiingereza cha zamani kinakutisha, anza na Heyer, au hata waandishi wa leo, halafu ndio uende kwa Austen. Usishike kamusi kurasa hamsini za kwanza. Vyeo vya mabwana na majina ya magari vitakaa vyenyewe kichwani, kama unavyojua ukoo wa bibi harusi kabla sherehe haijaisha. Vitabu vya Austen havina hakimiliki tena, unavipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na kwenye tovuti ya LibriVox kuna watu wa kujitolea wanaovisoma kwa sauti. Hiyo ilinisaidia sana siku ambazo mikono yote miwili ilikuwa kazini. Na kama una mtu wa kumsimulia, msimulie. Hadithi hizi zilinikolea zaidi nilipozisema kwa Kiswahili, kwa sababu ilinibidi niamue kila mtu anamwamkia nani na kwa heshima gani.

Mama hakumpenda Emma mwanzoni. "Anajisikia," alisema. Knightley alimkubali usiku wa matufaha. Bibi Bates anasimulia kwamba Knightley aliposikia matufaha aliyowapelekea yamepungua, alimtuma msimamizi wake alete kapu kubwa jingine. Akina Bates wakashukuru. Baadaye msimamizi akamnong'oneza mtumishi wa nyumba ile, akamsihi asiwaambie mabibi zake, kwamba yale ndiyo yote yaliyokuwa yamebaki ya aina ile, na kwamba mtunza nyumba wa bwana amekasirika kwa sababu bwana hatapata tena andazi lake la matufaha msimu huo.

Ilikuwa saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimeshamgeuza, nimemfunika.

"Hakujibakizia?" mama akauliza.

"Hakujibakizia, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akanyamaza kitambo, nikadhani amelala. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukatoka kwenye shuka ukakigusa kitabu.

"Haya, endelea."