Kabla hujashika spreigani, vijana wangu

Wiki hii, hapa karakana yetu ya kupaka magari rangi, nimemkuta kijana wangu anapima hadna, dawa ya kugandisha rangi, kwa jicho. Kikombe chenye mistari kiko mezani, yeye anamimina, anainamisha kichwa, anaongeza kidogo, anakoroga: "Imekaa, fundi." Nikamnyang'anya kabla hajaimwaga kwenye gari la mtu. Siku moja kabla, mwenzake alitoka msasa namba 80, ule mkali, akarukia 400, ulio laini, akaniambia praima, rangi ya chini, itafunika mikwaruzo. Itafunika! Nimechoka kupiga kelele nikiwa na barakoa usoni, kwa hiyo naandika.

1. Praima haifuniki mikwaruzo. Najua, kwa sababu na mimi niliwahi kuamini inafunika.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nishajiona fundi. Likaja gari jeusi, mlango wa nyuma umebonyea upana wa kiganja. Nikanyoosha bati, nikapaka fila ya kujazia bonde, nikaichonga kwa 80. Mpaka hapo safi. Ila gari lilitakiwa kesho yake, nami nilitaka sifa. Nikapitisha 180 juu juu tu, 240 na 320 sikuzigusa. Pale fila inapokutana na rangi ya zamani, ukipitisha kidole ulihisi kabisa ukingo. Nikajipa moyo: dawa ni praima nzito. Nikapiga mikono minne, yaani tabaka nne, mfululizo, bila kusubiri hata mmoja upoteze ule umajimaji wake. Ikakauka juu, chini mbichi. Nilipoisugua, msasa ukawa unaziba vibonge. Msasa ukiziba hivyo, praima inakwambia haijawa tayari, lakini siku hiyo sikuwa na masikio. Nikapiga rangi, nikapiga klia, ile ya juu inayoonyesha na kung'aa.

Mlango ukawa kioo. Mwenye gari alinishika mkono mara mbili.

Baada ya wiki tatu akarudi. Hakugomba, angegomba ingekuwa nafuu. Aliegesha jua likiwa limeinama, akaniita: "Fundi, hebu simama hapa." Nikaiona. Duara zima la fila, kama alama ya kikombe iliyobaki mezani, na ndani yake michirizi ya 80, unaweza kuihesabu. Nikaanza kutafuta wa kumtupia. Thina ya kuyeyushia rangi mbovu. Hadna imepitwa na muda. Labda gari lilioshwa mapema. Mzee aliyenifundisha akaja, wala hakuutazama mlango. Aliniuliza tu: "Mia na themanini uliipiga dakika ngapi?"

Thina iliyofungiwa chini ya praima nene haibaki humo. Inatoka polepole, siku kwa siku, na kadiri inavyotoka rangi inanywea. Inanywea zaidi pale ilipojaa, yaani ndani ya mikwaruzo na ukingoni mwa fila. Klia nayo, kwa kung'aa kwake, inakutangaza. Niliukwangua mlango ule hadi bati, siku mbili, bila malipo, huku wenzangu wakipita na kuniuliza kama nimefika kwenye maji.

Kwa hiyo: 80, 180, 240, 320, na kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia. Praima mikono miwili au mitatu, dakika kama kumi kati yake. Ikikauka, ipulizie ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, kisha usugue. Penye weusi uliobaki pana bonde.

2. Hadna inapimwa. Kopo likisema 2:1, ni mbili kwa moja, sio mbili na baraka.

3. Spreigani, bomba la kupulizia rangi, ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, na kila mpito ulalie nusu ya uliotangulia. Utembee mkono wote. Ukizungusha kifundo kama unayepunga kwaheri, katikati rangi inalia, inachuruzika, na pembeni inakauka kabla ya kutulia, halafu unakuja kuniuliza ule uso wa maganda ya chungwa umetoka wapi.

4. Toa maji kwenye tangi la kompresa kila asubuhi. Sitalieleza hili mara ya tatu.

5. Vitu vya kung'arisha matairi visikae karibu na chumba cha rangi. Vingi vina silikoni, mafuta yanayokimbiza rangi. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliona tairi limepauka akalipaka kwa wema wake tu, pembeni ya boneti iliyokwisha safishwa. Tulipata macho ya samaki, vishimo kwenye rangi, kuanzia taa hadi kioo. Nilishindwa hata kumkaripia, alivyokuwa amesimama na kitambaa mkononi. Kufuta mafuta ni vitambaa viwili: kimoja chenye dawa, cha pili kikavu, ukipitishe dawa ikiwa bado haijakauka.

6. Rangi ya metali, yenye chembe zinazometa, piga kwanza kwenye kipande cha bati, ukilinganishe na gari nje, juani. Mkono wa mwisho uwe mwepesi na wa mbali kidogo, la sivyo yanatoka mabaka kama mawingu.

7. Hadna ya klia ina isosianeti, sumu ya mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Mzee wangu alikuwa akijifunga kitambaa tu. Siku hizi akija kututembelea, anasimama mara mbili kati ya geti na benchi, anajifanya anakagua magari.

Ile klia yenye hadna ya kupimwa kwa jicho sijaitupa. Nimeiacha dirishani kwenye kikombe chake. Leo siku ya tatu, ukibonyeza, kidole kinaacha alama. Sijamwambia mwenyewe neno, ila kila asubuhi namwona akipita anaibonyeza.