Usizifute kurasa za kambini

Ndugu, umeuliza kama uzifute zile kurasa za komiki yako, hadithi yako ya picha ya mtandaoni, ambazo mashujaa wako wamekaa kambini wakipiga soga, maana wasomaji wanataka vita tu. Nakusihi usizifute. Hakuna anayemlilia mhusika asiyemjua.

Ninavyoona, shida iko kwenye ratiba. Ukitoa kurasa mbili kwa wiki, mazungumzo ya kurasa nane yanamla msomaji mwezi mzima, ilhali atakayekuja kuisoma komiki ikiwa imekamilika atayapitia kwa dakika chache. Kwa hiyo kila ukurasa tulivu uwe na jipya lake: siri, uamuzi, hata ugomvi mdogo. Itazame komiki ya mtandaoni Stand Still, Stay Silent ya Minna Sundberg, iliyoanza 2013. Kikosi kinalala ndani ya gari lao huku nje kuna mazimwi, na maneno machache ya usiku yanakuwa mazito kwa sababu hatari haijaondoka.

Halafu mhusika abaki kuwa mtu hata akiwa na upanga mkononi. Yule mwoga wako akimfunga mwenzake kidonda huku mikono inamtetemeka, vita na utu umevipata kwenye fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha picha.

Kama unachorea wasomaji wa simu, tumia nafasi tupu kati ya fremu. Baada ya pigo kubwa iache iwe ndefu, kidole kishuke bila kukutana na neno, ndipo uje uso wa aliyenusurika. Hii inafanya kazi kweli kweli, ila ukiirudia kila sura itazoeleka.

Tuwekee hapa hiyo sura ya kambini tuisome kabla hujagusa chochote.